Sura ya Sita: Kinyozi Anayejinyoa

Kinyozi hajinyoi. Methali hii huambiwa mtu anayetaka kujifanyia kila kitu mwenyewe, na kwa kawaida hakuna anayeibishia. Aliyewahi kushika wembe anajua kwamba jicho halifiki kisogoni, na mkono usiosimamiwa na jicho hukata ngozi kabla haujakata unywele. Kwa upande wa wembe sina la kupinga. Lakini siku hizi nyumba nyingi zina mashine ya kunyolea kwenye droo, na methali haikuijua mashine.

Katika mila zetu nyingi kichwa hukabidhiwa mtu mwingine. Morani wa Kimaasai, aliyelea nywele zake ndefu kwa miaka na kuzipaka udongo mwekundu, hunyolewa na mama yake katika sherehe ya Eunoto, na hapo ujana wa vita huanza kumtoka. Kwa Waislamu, mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba wakati wa akika, na wengi hutoa sadaka ya thamani ya fedha yenye uzito sawa na nywele zile. Mahujaji wanaume hunyoa kichwa au hupunguza nywele, ilhali wanawake hukata kiasi cha ncha ya kidole tu. Katika jamii kadhaa za bara, wafiwa hunyolewa baada ya mazishi, na huyu humnyoa yule kwa zamu. Kumkabidhi mwenzako kichwa ni kumwamini, na pengine ndiyo maana mtu anayejifungia bafuni na mkasi wake huonekana ana jambo.

Akiwa mwanamke, ndiyo kabisa. Atoke nje na nywele za nusu sentimita, jirani wa kwanza atamuuliza, "Jamani, kuna msiba?" Wa pili ataulizia afya. Ajabu ni kwamba wengi wa waulizaji hao walisoma shule za serikali, ambako binti hukaa miaka mingi na kichwa kifupi kwa amri ya mwalimu wa zamu na hakuna anayemhurumia. Kichwa hichohicho kikinyolewa kwa hiari ndipo kinatafutiwa sababu. Mwaka 2007 Flaviana Matata alivaa taji la Miss Universe Tanzania akiwa na kipara, akaenda nacho Mexico City kwenye mashindano ya dunia, akaingia kumi bora. Kuna wanaodhani baada ya hapo swali la msiba lilikwisha. Halijaisha.

Sasa turudi kwenye mashine. Mwaka 1919 Leo J. Wahl, kijana wa mji wa Sterling katika jimbo la Illinois, Marekani, aliomba hataza ya mashine ya kunyolea ya umeme ambayo injini yake ilikaa ndani ya mkono wa mashine yenyewe. Kabla ya hapo vinyozi walikuwa na mashine za kubana kwa vidole, au za umeme zilizoendeshwa na injini iliyokaa pembeni na kuunganishwa kwa mhimili unaopindika. Mashine za waya za aina ya Wahl zinazouzwa leo bado hufanya kazi kwa njia rahisi mno: ndani kuna koili, umeme wa nyumbani hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko huvuta jino la juu na kuliachia mara mbili dhidi ya jino la chini lisilotembea. Ndio ule mngurumo unaoujua, mikato kama 6,000 kwa dakika.

Hapa niweke onyo kwa wenye ndugu Marekani, kwa sababu zawadi hii ni ya kawaida. Mashine ya waya iliyonunuliwa huko imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 za Dar es Salaam itapiga kelele kama inasaga kokoto, itapata moto, na baada ya muda mfupi itakuwa chuma chakavu. Mwambie shangazi anunue ya chaji, asome kwenye chaja kama inapokea volti 100 hadi 240. Ya chaji ina faida nyingine ambayo huko aliko haifikirii sana: umeme ukikatika katikati ya kichwa, haikuachi nusu.

Hata hivyo, kwa anayejinyoa mwenyewe injini si kitu kikubwa kuliko kile kitana cha plastiki kinachochomekwa mbele ya meno. Kitana hicho ndicho kinachoshikilia umbali kati ya meno na ngozi, kazi ambayo zamani ilifanywa na kiganja cha kinyozi aliyejifunza kwa miaka. Namba 1 huacha milimita 3, namba 2 huacha 6, namba 4 huacha takriban 13, na namba 8 huacha 25. Mashine nyingi za chaji huandikwa milimita moja kwa moja: 3, 6, 9, 12. Mkono wako ukitetemeka kitana hakitetemeki, na usipoona kisogo kitana hakijali.

Kwa hiyo msimamo wa sura hii ni huu: kuna mtindo mmoja tu ambao mtu anaweza kujinyoa mwenyewe vizuri, nao ni urefu mmoja kichwa kizima. Huo mtu yeyote anauweza, hata asiyewahi kushika mashine. Ukitaka pembeni pafifie taratibu kuelekea juu, au kiduku, au mstari wa kuchongwa pajini, mpelekee kinyozi hela yake, maana kazi hiyo inahitaji jicho lililo nje ya kichwa.

Watu wengi walilijua hili kwa lazima mwaka 2020. Uingereza saluni zilifungwa Machi 23 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa hadi Julai 4. Uganda zilikaa zimefungwa hadi mwishoni mwa Julai. Waswahili wa London, ambao kinyozi anayezijua nywele za kipilipili huwa mitaa kadhaa kutoka nyumbani, walinunua mashine, na wengine hawakurudi tena saluni. Waliorudi, walirudi kwa ajili ya mazungumzo.

Kwa wanawake sababu kubwa huwa nyingine: dawa. Dawa ya kulainisha nywele, iwe na sodiamu haidroksaidi au kalsiamu haidroksaidi, ni kemikali kali yenye kazi moja, kuvunja vifungo vya salfa vilivyo ndani ya unywele na vinavyoupa ule mviringo wake. Vikishavunjwa havirudi. Ukiamua kuacha, utakachopata ni unywele mmoja wenye tabia mbili, wa asili chini na wa dawa juu, na pale zinapokutana ndipo unapokatika. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11 walichapisha matokeo yao: waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, ilhali wasiotumia kabisa walikuwa asilimia 1.64. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na wenyewe walisema hivyo. Lakini ni wengi waliousoma wakaenda kutafuta mkasi.

Kama wewe ni mmoja wao, fanya hesabu kwanza. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi. Ukitaka kubaki na urefu wa namba 4, yaani milimita 13, subiri miezi miwili tangu dawa ya mwisho. Ukiweza kuvumilia namba 2, mwezi mmoja unatosha. Wapo wanaosubiri mwaka mzima wakisuka twende kilioni juu ya nywele za tabia mbili ili wasionekane na nywele fupi. Siwalaumu, ila muda huo wote wanapambana na ukatikaji ambao mkasi ungeumaliza kwa nusu saa.

Nywele za dawa hukatwa kwa mkasi kwanza, zikiwa na maji. Maji ndiyo yanayotoa siri: ukinyunyiza, za asili hujikunja papo hapo na za dawa hulala. Zigawe mafungu madogo, shika fungu, tafuta kwa vidole mahali ulaini unapoanza, kata chini yake kuelekea kichwani. Tumia mkasi wa nywele, kwa sababu ule wa jikoni au wa karatasi huukunja unywele badala ya kuukata, na ncha hubaki zimechanika. Kichwa kitakachobaki hakitakuwa kizuri hata kidogo. Usijipige picha hapo, wala usimtumie mtu.

Baada ya hapo osha, acha zikauke kabisa, ndipo mashine ije. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, ndivyo tulivyofunzwa, na kwa wembe ni sahihi kwa sababu maji hulainisha unywele. Kwa mashine ni kinyume chake. Nywele za kipilipili zikiwa na maji hushikana mafundo, meno hupita juu yake, na zikikauka asubuhi unakuta vichaka ambavyo jana havikuwepo. Mafuta nayo ni adui: kichwa kilichopakwa juzi huziba meno ya mashine kwa mchanganyiko wa nywele na vumbi. Osha, kausha, kisha chana kwa chanuo kutoka kwenye ngozi mpaka ncha, pole pole, mpaka nywele zote zisimame. Zitasimama ndefu kuliko zitakavyoonekana baadaye, kwa sababu unywele uliokatwa ukiwa umenyooka hujikunja tena. Kwa hiyo, namba unayoifikiria, panda moja juu. Anayetaka 2 aanze na 3. Hakuna aliyejuta kwa kuanza na namba kubwa.

Chagua mchana, karibu na dirisha. Taa moja ya bafuni iliyo juu huangaza utosi na kukiacha kisogo gizani. Vaa kanga kuukuu mabegani, tandika gazeti. Kabla ya kugusa kichwa, vuta kitana kwa nguvu kidogo uhakikishe kimekaa, maana balaa kubwa kuliko zote katika kazi hii ni kitana kuchomoka katikati ya safari. Sekunde moja ya meno matupu ni njia nyeupe kichwani, na hapo huna budi kunyoa kipara chote. Kihakikishe tena kila unapoizima na kuiwasha.

Anza pembeni, juu ya sikio, ambako kioo kinakuonyesha. Mashine ilale bapa kichwani, kitana kikigusa ngozi, iende kinyume cha nywele zinavyoota: pembeni kutoka chini kwenda juu, katikati kutoka pajini kwenda nyuma. Iende polepole, bila kuikandamiza. Sikio likunje kwa mkono wa pili. Utosini nywele huota kwa kuzunguka, hazina upande mmoja, kwa hiyo pita kutoka kila upande, hata mshazari. Nywele zetu hazisimami mstari mmoja. Unywele uliopona safari ya kwanza utakatwa ya pili au ya tatu.

Kisogo ndicho wanachokiogopa wote, nao hununua kioo cha pili. Mimi sikipendi sana kioo cha pili. Kinakuonyesha kisogo kweli, lakini kinauchanganya mkono: unataka kwenda kulia, unakwenda kushoto, na shingo imepinda. Kiganja ni bora. Funga macho ukitaka, pitisha mkono mtupu kuanzia ukosini mpaka utosini, kisha mshazari, na popote penye kijibonde au kichaka utapahisi hata tofauti ikiwa milimita mbili. Vioo viwili viwe vya ukaguzi mwishoni. Ukifika pale mfupa wa kisogo unapojitokeza, inamisha kichwa mbele mpaka kidevu kiguse kifua, ngozi ijivute, mashine ipite juu ya mfupa bila kuruka.

Kichwa kizima kikishakuwa sawa, zima. Ujiangalie, unywe chai. Kama bado ni ndefu kwako, shuka namba moja na urudie yote. Hii ndiyo raha ya urefu mmoja: namba ya chini hufuta makosa ya namba ya juu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo huharibu vichwa vingi kuliko kitana kilichochomoka, nalo ni kuchonga. Mtu amejinyoa vizuri, anajitazama, anaona pajini mstari haujakaa kama wa kinyozi. Anatoa kitana, anagusa kulia. Kulia kumepanda kuliko kushoto. Anagusa kushoto. Kushoto sasa kumepanda. Baada ya dakika kumi paji limefika katikati ya kichwa, na litamsumbua wiki nyingi kwa sababu vishina vitakavyoota mbele ya mstari mpya vitamtangaza. Pajini na kwenye panja usichonge. Ukingo wa asili, na ulaini wake wa nywele ndogondogo, unapendeza zaidi kwa mtindo huu, kwa wanawake na hata kwa wanaume wengi. Waliosuka rasta za kubana kwa miaka wana sababu zaidi ya kuuacha: kuvutwa kwa muda mrefu huua mizizi ya nywele za mbele, na zile chache zilizobaki pale ni za kulindwa.

Ukosini ni tofauti kidogo, kwa sababu nywele huko hushuka mpaka shingoni na zinahitaji kukomeshwa mahali. Hiyo kazi mpe mtu. Mume, dada, mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye akili zake. Haihitaji ufundi: ashike mashine bila kitana, aigeuze meno yatazame chini, aguse tu zile zilizovuka mstari wa shingo. Asipande juu. Hapa methali ina haki yake, na sioni aibu kuipa.

Wanaume wenye vipele vigumu ukosini wasikilize hapa. Vipele hivyo huwapata zaidi watu wenye nywele za kipilipili, na kunyoa hadi kwenye ngozi kila wiki huvichochea. Vikiachwa hugeuka makovu magumu yaliyovimba, na nywele hazioti tena pale. Acha angalau milimita 3, usipitishe wembe, na vikianza kuuma au kutoa usaha muone daktari wa ngozi badala ya kuongeza spiriti.

Kuhusu usafi nitasema kidogo lakini nisikilizwe. Mashine ya nyumbani huishia kuwa ya ukoo: baba, watoto, kijana wa jirani aliyekuja kuazima. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7, na tone la damu la kuviambukiza halihitaji kuonekana kwa macho. Mapunye nayo husafiri kwa vitana na meno ya mashine, na yakishaingia kichwani kwa mtoto hayaponi kwa kupaka mafuta pekee. Yanahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali. Baada ya kila kichwa piga brashi nywele zote zitoke, kwa sababu spiriti haipenyi kwenye uchafu. Kisha ndipo uifute kwa spiriti ya asilimia 70, uiache ikauke, udondoshe matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye meno na kuiwasha kwa sekunde chache. Mafuta ya kupikia yasitumike; hugandia meno. Mtoto mwenye mapunye asinyolewe kwa mashine ya wote mpaka apone. Na kijana wa jirani aazime mwiko, asiazime mashine.

Kichwa kipya hakina madai makubwa. Kioshe mara moja au mbili kwa wiki, kipake mafuta kidogo kikiwa na unyevu, kivae kofia kwenye jua la saa sita hasa wiki ya kwanza, maana ngozi iliyokaa chini ya nywele miaka mingi haijazoea. Wiki hiyohiyo utashtukia baridi ya feni. Namba 2 itahitaji kurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu ikiwa unapenda ibaki nadhifu.

Na ikitokea pameingia shimo, yaani mahali pamoja pamekuwa namba 1 na kwingine ni namba 3, usishuke chote kwa hasira; kama una harusi kesho, funga kilemba. Kutoka milimita 3 hadi 10 ni safari ya mwezi mmoja. Pitisha namba 3 kwingine kote kila wiki, liache shimo likue, na mwezi ukiisha hutalipata hata kwa kiganja.